Kichuguu cha Nyuma ya Ntinda

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya watoto wangu, mbele ya mameneja wa benki, na nimeshasema hata mbele ya padri. Shule niliiacha darasa la sita, siku nilipotazama chini ya meza nikaona kiatu cha mwalimu hakina soli, nikajiuliza huyu atanifikisha wapi kama yeye mwenyewe hajafika. Leo nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi na ghorofa hapa Ntinda, na wapangaji wangu wana digrii zimetundikwa ukutani, kwenye misumari niliyowauzia mimi. Nimedanganywa na waliosoma na wasiosoma, nimeuziwa saruji iliyochanganywa na majivu, nimekumbatiwa na watu waliokuwa wameshanishtaki polisi asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo jioni ile ya matanga ya baba yangu, watu wamejaa uani kwangu, moto umewashwa katikati, mzee mmoja mrefu alipoingia getini na kofia ya kufuma kichwani, akachota simsim, ule ufuta wa kukaanga, kwenye sahani, akala, kisha akatoa leso na kuanza kujifuta vidole kimoja kimoja kuanzia kile kidogo, sikushangaa. Nilisimama tu. Nikatazama ameletwa na nani, amekaa karibu na mlango gani, na boda boda iliyomleta imeondoka au inamsubiri. Tabia hiyo niliipata katika mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na ndiyo iliyonitajirisha, kwa hiyo siionei haya.

Mwaka huo tulikuwa tunakaa kwenye laini za polisi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Huku kitanda cha baba na mama, huku mkeka wangu na magunia yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na tayari nilikuwa mfanyabiashara. Sukari ilikuwa imepotea mjini, chumvi imepotea, sabuni imekuwa kitu cha kuota, na mimi nilijua zinapolala. Nilikuwa nazipitisha sokoni Kalerwe chini ya mihogo, nauza kwa kikopo. Magendo, ndiyo, na waliokula ile sukari hawakuitema. Ukuta kati yetu na jirani haukufika juu kwenye mabati. Mjenzi alichoka, au fedha iliisha, mimi kama mtu wa ujenzi nasema mtu alikula tofali. Pale juu palibaki uwazi, na kila neno la jirani lilipita, pamoja na moshi wake na kikohozi chake. Nyuma ya mlango wetu ndipo baba alipoweka mali zake: mkuki wa meno matatu wa kuvulia kamongo, umefungwa ndani ya gunia, jembe la mpini mfupi, blanketi kuukuu, na buti zilizonuka matope ya mafunjo hata zikipigwa jua siku nzima.

Baba alikuwa sajini wa stoo, mlinzi wa mablanketi na mikanda ya serikali, lakini stoo hakuipenda hata kidogo. Alikuwa mtu wa nje. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake, na Jumamosi asubuhi alikuwa anaamka anapiga mluzi. Alishuka kwenye mafunjo chini ya Kalerwe kuvua kamongo, au alipanda upande wa Ntinda, wakati huo Ntinda ni vichaka na vichuguu na nyumba za kuhesabika, akatega kumbikumbi, akachuma uyoga, akarudi na asali kwenye kibuyu na uso umevimba kwa nyuki, anacheka. Sisi ni Waalur, mama alikuwa mtu wa kanisa, na alimwambia kila wiki, "Watu wanajitayarisha kwa Bwana, wewe unajitayarisha kwa nyani." Baba akajibu, "Nyani hawaniulizi nimetoka wapi." Mama akainua macho. Mwaka ule ukisema neno kama hilo, hata chumbani kwako, kwanza unatazama juu, pale ukuta unapoishia.

Maana upande wa pili alikuwa amehamia Rajabu. Hakuwa polisi. Alikuja na kitanda cha spring, redio kubwa, na Datsun nyeupe iliyolala nje ya mlango wake kama mbwa. Alikuwa anafanya kazi katika ofisi moja ya Nakasero, na sisi hatukuitaja jina. Tulisema "kule juu" na kila mtu alielewa: aliyepandishwa huko hakushuka. Alikuwa kijana, mtu wa Aringa, mpole kupita kiasi, na upole huo ndio ulionitia baridi. Mkali unajua atapiga saa ngapi. Siku ya tatu alikuja mlangoni kwetu na mfuko wa karatasi wenye simsim, akamwamkia mama kwa heshima zote, kisha akaketi bila kuambiwa, akala, akajifuta vidole, akauliza, "Mzee nakwenda wapi kila Jumamosi na gunia refu?" Mama aliangusha mwiko. Mimi nikasema, "Anakwenda kwa shamba la rafiki yake." Na wakati ule ule, kutoka nyuma ya pazia, baba akaita kwa furaha, "Mkuki huo, bwana! Wa kamongo! Ngoja nikuonyeshe!" Akatoka nao, akaufungua mbele ya mtu wa kule juu, meno matatu yanang'aa. Nilitaka ardhi ipasuke. Rajabu aliushika, akaupima uzito, akasema, "Hii naua mtu." Baba akasema, "Mtu? Mtu ana mifupa mingi sana. Huu ni wa samaki."

Nilimwambia baba siku hiyo, "Mzee, huyu mtu anakuchimba." Akanijibu, "Amekuja mjini, hana mtu. Unaona anavyokula? Anakula kama mtu aliyezoea kula na wenzake." Ndivyo alivyokuwa baba: angeweza kukwambia swala amepita saa ngapi kwa kutazama jani, lakini binadamu aliyekaa mbele yake na bastola kiunoni alimsoma kama mgeni wa harusi. Nikaanza kumlinda mwenyewe. Jioni nikikaa kula posho, ugali wetu, na mchicha usio na chumvi, nilikuwa nakaa upande wa ukuta, natafuna polepole nisikose neno. Nilisikia redio. Nilisikia Rajabu anaswali. Nilisikia mara moja mtu mwingine, sauti nzito, anamwambia, "Wewe ulisema najua watu wa laini yote. Basi tafuta." Na Rajabu akasema, "Natafuta, afande." Nikaacha kutafuna. Mama aliniangalia, nikajifanya nimekula jiwe.

Wiki ile ile Rajabu akamwomba baba waende pamoja. "Mzee, hapa mimi nakufa na joto. Kwetu mimi nawinda tangu mtoto." Baba alifurahi kama aliyepata mchumba. Mimi nikasema na mimi naenda, nikaacha sukari yangu yote kwa siku nzima ya biashara, kitu ambacho sijafanya tena mpaka mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Tulitoka mchana kwa miguu, Datsun ikabaki. Nilitembea nyuma ya Rajabu, macho yangu kwenye mfuko wake wa suruali. Tukafika kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya Ntinda, kirefu kuliko baba, chekundu, kimesimama peke yake kwenye mteremko. Siku hiyo tulikuwa tunatega mpawu, wale kumbikumbi wa mchana. Hao unawadanganya. Unachimba kishimo pembeni, unakitandika jani la mgomba, unafunika kichuguu na blanketi uache mwanga upande wa shimo tu, halafu unagonga vijiti juu ya gogo kwa upole, ta-ta-ta, mpaka wao huko chini wanadhani mvua inaanza, wanatoka kuoa. Baba alikuwa anaimba huku anagonga, wimbo usio na maana yoyote, na jasho linamshuka, na katika maisha yangu yote sijaona mtu mwenye raha kama yeye alipopiga magoti mbele ya udongo. Akampa Rajabu vijiti. Rajabu akagonga, pa! pa! pa! Baba akamshika mkono. "Aa-aa. Unagonga kama unapiga mlango wa mtu. Hawa hawafungulii serikali."

Nilikufa. Pale pale nilikufa, nikasubiri kuona atatoa nini mfukoni. Rajabu alimtazama baba kwa muda, vijiti vimesimama hewani, kisha akacheka, kicheko kilichochelewa, na akaanza kugonga kwa ncha za vidole. Mpawu wakatoka. Walitoka kama moshi, wakaanguka shimoni, na sisi watatu tukawa tunawakusanya kwa mikono na kuwala wazima wazima, mabawa yamenata midomoni. Nakiri kwamba kwa dakika chache nilisahau huyu ni nani. Halafu upepo ukageuka, ukatuletea harufu kutoka kwenye kichaka cha chini. Kila mtu wa Kampala wa wakati ule aliijua ile harufu, na kila mtu alijua la kufanya: unageuka, unaondoka, hukuona. Baba alifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Ngojeni hapa," akavunja tawi bichi lenye majani mengi, akashuka. Tukamsikia anavunja jingine. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Kwetu hupiti kando ya maiti ukaiacha wazi. Unaifunika kwa majani mabichi, hata awe nani, ndipo unaendelea na safari. Nilijua desturi hiyo, wazee walinifundisha. Ila sikujua kwamba baba alikuwa anaitimiza kila Jumamosi, mwaka mzima, mahali ambapo watu wa kule juu walikuwa wanatupa watu wao.

Tukarudi mpaka barabarani. Hapo Rajabu akasema, bila kumtazama baba, "Mzee, kazini iko neno. Watu nauliza nani naweka majani." Baba akatembea. "Na wewe umejibu nini?" Rajabu akajibu, "Mimi bado najibu." Ndipo nikaelewa yote: simsim, heshima kwa mama, kujipenyeza kwake kwenye maisha yetu. Alitumwa kumtafuta mtu wa majani, na sasa amempata, na mashahidi ni mimi na kichuguu.

Sijui kama wewe unayesoma umewahi kula chakula ukiwa unamsubiri mtu aje kumchukua baba yako. Kila gari lilikuwa lake. Nilimwambia mama, na mama hakulia. Alichukua blanketi lile la mpawu akalifua, akalianika, akalifua tena, kama vile blanketi ndilo litakalosema. Tulimwomba baba aende nyumbani Paidha. Akasema stoo ikihesabiwa na yeye hayupo, watakuja kututafuta sisi. Alikuwa sahihi, na hilo lilinikasirisha zaidi. Siku ya pili jioni, tuko kwenye posho, ile sauti nzito ikarudi upande wa pili. Nikamshika mama mkono anyamaze. "Umempata?" Nikasikia leso inatolewa, naapa niliisikia. Kisha Rajabu akasema, "Hakuna mtu, afande. Mimi naenda mwenyewe, naona. Ni watu wa kuchoma makaa. Wanakata miti, wanaacha matawi ovyo." Yule mwingine akasema, "Makaa?" "Makaa, afande." Mlango ukafungwa, gari likaondoka. Mama akafanya ishara ya msalaba. Mimi sikufanya. Nilijiambia: anamtafuna polepole. Anataka kwanza kitu kutoka kwetu, na ni mimi mwenye magunia.

Asubuhi alikuja. Hakuleta simsim. Aliketi kwenye kigoda cha mama karibu na jiko, goti karibu na kidevu, mtu mrefu vile, akamwambia baba, "Mzee, mimi nauliza kitu kimoja. Kama hujui, mimi naondoka." Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono mfukoni umeshika fungu la noti la kumpa. Akasema, "Ulifunika mtu moja, mkono wa kushoto hana kidole cha pete? Mashine ya pamba nakata, zamani. Ni kaka yangu. Wanachukua yeye kambini, na mimi nafanya kazi na watu ambao wanachukua, na mimi siwezi kuuliza." Baba hakufikiri hata kidogo. "Alikuwa na tasbihi," akasema. "Kwenye mkono huo huo." Rajabu akainamisha kichwa. Baba akaendelea, kwa sauti ile ile ya kueleza samaki: "Huyo sikumfunika na majani tu. Niliona tasbihi, nikajua ninyi hamuachwi mpaka kesho. Nilikuwa na jembe la mpawu. Nimemchimbia chini ya kichuguu kile kikubwa, upande wa juu, udongo ni laini. Nimezika Waislamu wengi wa laini hii, najua mnavyolala. Ubavu wa kulia, uso kaskazini. Tasbihi nimemwachia." Rajabu akatoa leso. Akaanza kujifuta vidole, kimoja kimoja, na vidole vilikuwa havina kitu.

Watu wangu wakisimuliwa mpaka hapa huwa wanalia. Mimi sikulia, na nitakwambia kwa nini: aliposimama kwenda, Rajabu alisema, "Mzee, Jumamosi hii usiende." Basi. Nikajiuliza maneno hayo yanalala upande gani. Mtu akikwambia usiende, labda anataka wakukute nyumbani. Nilimwambia baba hivyo hivyo. Mama alisema akae. Mimi nikasema twende Kalerwe, tukae katikati ya watu sokoni, huko hata wao wanashindwa kumtafuta mtu. Baba alituangalia sote wawili, kisha akasema, "Nikienda, nitamharibia. Amesema makaa. Wakinikuta na jembe pale, makaa yatakuwa yeye." Hakwenda. Jumamosi hiyo, moja tu katika mwaka wote, alikaa kizingitini anapaka buti zake dawa ya viatu mpaka rangi ikatoka. Mchana malori mawili ya askari yalipita kwa kasi kuelekea upande wa Ntinda. Baba aliinua kichwa, akasikiliza mpaka yakaisha, akarudi kwenye buti. Jioni chumba cha Rajabu kilikuwa wazi. Kitanda kipo, redio ipo, Datsun haipo, na yeye hayupo. Waliokuja kumtafuta walipindua godoro, walituuliza, tukasema hatujui, na kwa mara ya kwanza mwaka ule tulikuwa tunasema kweli.

Serikali ile ilikwenda, nyingine zikaja, mimi nikawa mimi. Baba alistaafu akaja kukaa kwangu, na ghorofa langu hakulipenda. Alikuwa anawachukua wajukuu Jumamosi, na kofia ya majani na fimbo, anapita nao katikati ya magari ya Ntinda, nyuma ya maduka makubwa, anatafuta vichuguu vilivyobaki. Alikuwa anawaomba walinzi wa magetini wamruhusu anuse udongo tu, na walinzi walimruhusu, mimi sijui kwa nini, mimi mwenyewe wananiuliza kitambulisho. Aliwafundisha wajukuu kugonga vijiti bila kuwatisha mpawu. Kichuguu kimoja tu aliwakataza wasichimbe. Alisimama hapo kidogo, akavua kofia, wakaendelea. Binti yangu alidhani babu anapumzika. Baba alikufa usingizini, madirisha yote wazi, kama alivyotaka.

Rajabu alisikia tangazo redioni, huko huko Aringa, akapanda basi. Niliketi karibu naye kwenye matanga, watu wanaimba, na nikamwuliza kama ninavyouliza kila anayekuja kwenye nyumba yangu, "Mzee, unataka nini?" Hakuudhika. "Hujabadilika, kijana wa sukari," akasema, akacheka kile kicheko cha kuchelewa. Jumamosi ile, akaniambia, aliendesha gari mpaka mpakani, akaliacha na ufunguo ndani. Miaka yote hiyo hakuwahi kurudi kwenye kichuguu, kwanza kwa hofu, halafu kwa umri, na mji ulivyogeuka, baba alikuwa mtu pekee aliyeweza kumwonyesha. "Sasa iko wewe," akasema.

Alfajiri, kabla hatujaondoka na jeneza kwenda Paidha, nilimpeleka. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati. Kichuguu kilikuwa kimekatwa nusu, upande wa chini, watu wamechukua udongo wa matofali. Upande wa juu ulikuwa bado mzima. Rajabu alivua viatu, akaswali, akakaa chini na mkono wake juu ya udongo. Nikamwambia tunaweza kuomba kibali, tumtoe, apelekwe kwao. Akatikisa kichwa. "Aliyemlaza alimlaza vizuri. Asisumbuliwe." Wakati huo dalali akafika, kijana wa suti na simu mbili. "Ssebo, mnatafuta nini? Kuna nini hapa?" Nikamwambia nataka kununua. "Sawa, hicho kichuguu tutakiondoa bure, tingatinga linakuja wiki ijayo, patakuwa safi kabisa, unaweza kuweka hata ghorofa tano." Nikasema sitaki kiondolewe. Sitaki kujenga. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kwa yule mzee aliyekaa kwenye vumbi, na nikaona anafikiria dhahabu. Akasogea pembeni na simu, akarudi, na bei ikawa imepanda palepale kwa sababu mwenye kiwanja, eti, amepata mteja mwingine. Mchezo huo naujua, nimeucheza miaka thelathini, na sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, hata mahari. Nilimwambia alete karatasi. Nililipa baada ya mazishi, bei ile ile aliyoipandisha, mkupuo mmoja, shilingi milioni mia moja themanini na saba na laki tano.